Tupeane uzoefu: Kupiga kambi na familia pamoja na mbwa wakati mvua haieleweki (wa Kigoma na Tabora njooni)

Mkazi wa Mwisho wa Reli
Wakuu habarini. Nipo Kigoma mjini. Mwaka juzi mwanzoni mwa Novemba watoto walinisumbua mpaka nikakubali twende tukalale ufukweni, usiku mmoja tu. Mbwa wetu wawili, Popo na Chiku, ikabidi waende, maana nyumbani hakubaki mtu wa kuwapikia. Utabiri ulisema mvua na ngurumo kwenye maeneo machache. Nikajiambia sisi hatumo kwenye hayo machache.

Saa kumi jioni ziwa limetulia tuli, milima ya Congo inaonekana ng'ambo. Nikasimamisha hema mchangani karibu kabisa na maji. Popo akagoma. Nimemtandikia gunia mlangoni mwa hema, hataki, anapanda juu kwenye michikichi analala huko. Nikamvuta kwa kamba mara mbili, mara zote mbili karudi. Nikamtukana na mama yake.

Saa tano usiku ukaja upepo kutoka ziwani, mvua nyuma yake. Vigingi vilivyochomekwa mchangani viling'oka kimoja kimoja kama meno ya mtoto. Hema likalala juu yetu. Tukatoka kwa kutambaa, tukakimbilia kule kule alikolala Popo, kwenye mwinuko, ardhi ngumu. Roho sita chini ya turubai moja: mimi, mke wangu, watoto wawili na mbwa wawili. Chiku alitetemeka mpaka turubai zima likawa linatetemeka. Harufu ya mbwa aliyelowa nisiwaambie.

Haya, leteni yenu.

Dagaa Mkavu
Mkuu, ngurumo zote hizo ukakimbilia chini ya miti mirefu? Shukuru Mungu. Gari mlikuwa nalo?

Mkazi wa Mwisho wa Reli
Gari lilikuwepo, hatua hamsini tu. Funguo zilikuwa ndani ya hema lililoanguka.

Mama Wawili wa Ujiji
Mimi yangu ni ya Aprili, mvua zinaelekea ukingoni, ile unaweza kukaa siku nne kavu, ya tano ikakushukia. Shemeji yangu alikuja likizo kutoka Dar na mbwa wake. Mama mkwe akasema anakuja kambini, lakini mbwa asisogelee mkeka wake wa kuswalia wala chombo chake. Bakuli la mbwa tukalifunga kitambaa chekundu lisichanganyike na mengine.

Usiku mvua ikaja, shemeji akamwingiza mbwa hemani. Bibi hakupiga kelele. Alichukua mkeka wake, mto na birika lake la udhu, akaenda kulala kwenye gari. Alichosema ni kimoja: "Mvua ya Mungu, mbwa wa Mungu, mkeka wangu."

Alfajiri anafungua mlango atawadhe, mbwa katoka hemani usiku kaja kulala chini ya gari, usawa wa kiti chake. Bibi kamwangalia weee. Mchana tukila ugali wa muhogo, nikamwona anamtupia kichwa cha samaki, mgebuka, kwa mbali. Mpaka leo shemeji akipiga simu bibi anauliza, "Yule mlinzi hajambo?"

Boi wa Katonga
Mbwa wangu analala nje mwaka mzima, mvua na jua. Kumbe siku zote yuko kambini na sijui.

Mzee wa Igombe
Tabora huku tatizo si mvua yenyewe, ni kinachotoka ardhini baada ya mvua. Tulilala karibu na bwawa la Igombe, mvua ya kwanza ilishanyesha mchana, jioni kweupe, tukajua tumepona. Tukawasha taa. Kumbikumbi! Wamejaa kwenye chai, kwenye nywele za mke wangu, kila mahali. Watoto wanawaokota wakaange. Mbwa wetu hakusubiri kikaango. Alikula kumbikumbi kama anayelipwa, mabawa yamemganda puani. Saa nane usiku akawatapika wote juu ya blanketi langu, na wengine nadhani walikuwa bado wanatembea.

La maana kwa wanaotaka kuingia misitu ya miombo kule Urambo na Kaliua: ndorobo (mbung'o) hawachagui, mbwa naye wanamng'ata na anaumwa. Ukimwona amenyong'onyea, ana homa, macho yanaingia ukungu mweupe, mpeleke kwa daktari wa mifugo haraka, usimpe dawa ya kubahatisha.

Dagaa Mkavu
Naongezea: kwa Gombe sahauni. Nilishuka Kibirizi, kwenye boti za kwenda Gombe, na familia, mabegi na mbwa, nikaambiwa mbwa haingii hifadhini. Nilinuna, ila wana hoja, maradhi yanaweza kuhamia kwa sokwe. Mbwa nikamwachia mama ninayenunua kwake dagaa. Tulirudi tumelowa chapachapa, yeye kanenepa.

Kijana wa Kasulu
Wangu radi ya kwanza tu alikata kamba, akapotea gizani. Watoto walilia mpaka asubuhi, safari ikaishia hapo. Siku ya tatu tukapigiwa simu, kwa sababu namba yangu niliiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukanda wa shingo. Andikeni namba, wakuu. Na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa tembeeni nayo, ile ya kila mwaka, maana watu wa kijiji kile swali la kwanza lilikuwa hilo. Mbwa mgeni, kalowa, macho mekundu, unategemea nini?

Swali la pili lilikuwa la kuku wao watatu.

Mkazi wa Mwisho wa Reli
Ulilipa shilingi ngapi kwa kuku mmoja? Nauliza kwa sababu Chiku ana kesi ya bata huku Bangwe, na mwenye bata anakuja Jumamosi.