Chakula kinanasa kifuani, naombeni ushauri wakuu

Korosho Ghafi: Wakuu habari za usiku. Nipo Mtwara mjini, miaka 34. Nikila ugali unashuka mpaka hapa chini ya shingo halafu unagoma, nasimama nazunguka nyumba nikipiga maji ndo unapita, siku nyingine unarudi wote na ute mweupe. Ilianza nyama, ikaja ugali, sasa hata wali. Uji unapita. Zahanati wamenipa dawa za asidi, hola. Kuna mzee Newala anatoa vitu kooni, elfu 60. Nimfuate?

Mzee wa Salfa: Mwiba wa changu ulinikaa siku mbili, bibi akanimezesha tonge bila kutafuna ukaenda nao. Ilikuwa 2018 ule msimu wanajeshi wanasomba korosho, kilo moja shilingi 3,300, mimi na koo langu napanga foleni ghalani

Binti Mikindani: Punguza nipa kaka, hiyo gongo ya mabibo 😂

Nesi Mstaafu: Mzee wa Salfa acha kufundisha watu kusukumia tonge, likiziba je? Mleta mada, vigumu vikianza kugoma halafu na laini vikafuata, njia inazidi kuwa nyembamba. Umepungua? Kuna kitu kikali ulimeza?

Korosho Ghafi: Kilo 71 mpaka 63. Kumeza sijameza kitu.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, jibu swali.

Korosho Ghafi: Haya. Mwezi wa pili wife alikuwa anapika sabuni za miche, kostiki iliyobaki akaiweka kwenye chupa ya maji, mi nimetoka kwenye boda na jua lile nikapiga funda. Nyingi nilitema!! Mdomo uliungua siku nne ukapona. Hospitali sitaki, watasema nilitaka kujiua na mama mkwe naishi naye hapa hapa. Halafu Newala nishatuma kianzio elfu 20.

Jicho la Shangani: CHAI. Kostiki unywe usijue? Na mwaka jana ulikuwa na meza ya pweza humu, leo boda. Weka picha ya chupa.

Binti Mikindani: Kwani muuza pweza haruhusiwi kuendesha boda

Korosho Ghafi: Haina rangi wala harufu mkuu. Nilijua ilipogusa ulimi, utelezi kama nimelamba konokono, ndo moto ukafuata. Chupa wife aliichoma siku ile ile huku analia.

Nesi Mstaafu: Si chai hii. Mdomo unapona, huku ndani kovu linakaza taratibu, wiki hata miezi. Nenda rufaa ya kanda pale Mitengo, itaje kostiki kwa jina lake, wakuangalie kwa kamera. Kovu huwa linatanuliwa, na mara nyingi si mara moja. Mate yakigoma kushuka usingoje kuche. Huyo mzee akiingiza kijiti anakutoboa.

Korosho Ghafi: Na elfu 20 yangu?

Jicho la Shangani: Hiyo ndo chai yenyewe, umeshamnywesha mzee.

Korosho Ghafi: Mrejesho. Nimeenda, nimesema yote, hakuna aliyenifokea. Alhamisi narudi bila kula kitu. Wife alinifungia uji wa njiani kwenye chupa ya maji, nimeunusa kwanza.