Mnaomlilia meya wa "Show Me a Hero" na nyie mnaosema inaboa, wote mmenikera

Wakuu poleni na mihangaiko. Uzi ni mrefu na una spoila mwanzo mwisho, ambaye hajaangalia na anategemea kuangalia apite kimya kimya asije akanijazia matusi inboksi. Mods naomba msiuunganishe na ule wa "siriizi kali za wikendi" maana huko ndiko nilikopandishwa presha.

Iko hivi. Jamaa yangu kaniambia mzee tafuta Show Me a Hero, siriizi ya HBO ya kisa cha kweli cha meya wa mji wa Yonkers kule Marekani, episodi sita tu, kaandika David Simon yule yule wa The Wire, hulali. Nikaenda kwa dogo wa muvi nikatoa buku mbili akaniwekea kwenye flashi. Sasa kosa nililofanya nikapitia komenti kwanza kabla ya kuangalia, nikakuta nusu ya watu wanasema inaboa, vikao vikao tu, madiwani wanafokeana, hamna hata mtu kala risasi. Ndugu yangu, siriizi inafunguka stelingi, meya Nick Wasicsko, yuko makaburini, kwenye kaburi la baba ake, jasho linamtoka, we ulidhani kaenda kupalilia? Hukufika mwisho halafu unakuja kutoa maksi.

Hao nawasamehe, wamezoea vya kupasua vioo. Wanaonikera ni kundi la pili, wale mliofika mwisho mkalia mkaja kuandika "RIP Nick Wasicsko, shujaa wa kweli, viongozi wetu wajifunze". Kipi? Nataka mniambie kipi alifanya cha kishujaa, taratibu, mmoja mmoja.

Kwa ambao hawajui na hawana mpango wa kujua: Yonkers ni mji uko juu tu ya Bronx, ukitoka New York City kwenda kaskazini unauingia hata hujastuka. Kwa miaka kama 40 wakubwa wa mji walikuwa kila wakijenga nyumba za serikali, zile za watu wa kipato cha chini, wanazirundika upande mmoja, kusini magharibi, maghorofa marefu yamebanana, weusi na walatino humo. Upande wa mashariki nyumba zina bustani, wazungu watupu. Katikati inapita barabara kubwa ya Saw Mill River ndio kama ukuta. Kesi ilifunguliwa 1980 na wizara ya sheria ya serikali yao kuu, NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, wakaungana nayo, mwaka 1985 jaji Leonard Sand akatoa hukumu ya kurasa zaidi ya 600 akasema hii haikutokea bahati mbaya, mmefanya makusudi, nyumba na shule. Mwaka uliofuata akaamuru wajenge nyumba 200 za serikali huko mashariki. Mbili mia! Kwenye mji wenye watu karibu laki mbili. Kwa nyumba mia mbili mji ukachanganyikiwa.

Sasa huyu "shujaa" wenu. 1987 ana miaka 28, diwani mdogo, aliwahi kuwa polisi, anataka umeya. Anampigaje Martinelli aliyekaa kwenye kiti vipindi sita? Kwa kusema MIMI NITAKATA RUFAA. Martinelli alikuwa kakubali yaishe, hukumu ni hukumu, wenye mji wakamkasirikia, dogo akaona fursa akapanda juu ya ile hasira kama mtu anadandia daladala inatembea. Akashinda. Hata kiti hakijapata joto mahakama ya rufaa ikaitupa rufaa yenyewe. Ndio hapo akageuka mtu wa kusema "jamani sheria lazima ifuatwe". Kwa hiyo ushujaa wake ni kwamba alisoma barua ya mahakama akaielewa. Hongera kwake, maana wenzake wanne walishindwa hata hicho.

Na hapo kwenye wenzake wanne ndio pa kukaa nacho kitako, nyie mnaosema vikao vinaboa. Tarehe 1 Agosti 1988 baraza linapiga kura, watu saba, nne kwa tatu wanakataa kutii mahakama. Kumbukeni meya wa kule enzi hizo alikuwa na kura moja tu kama diwani yeyote, hana ubabe wowote. Jaji akawaambia sawa, lipeni. Faini ya mji inaanza dola 100. Kesho yake 200. Keshokutwa 400. Ukisikia hivyo unacheka. Endelea kuzidisha sasa: siku ya 10 ni dola 51,200 kwa siku hiyo peke yake, siku ya 14 ni 819,200, siku ya 22 ingefika zaidi ya milioni 209. Kausha damu wa mtaani kwetu hajawahi kufikiria riba ya namna hiyo! Mahakama ya rufaa ndio ikaja kuweka kikomo, milioni moja kwa siku. Na kila diwani aliyekataa analipa 500 kwa siku mfukoni kwake. Mji ukaanza kuandaa barua za kupunguza mamia ya wafanyakazi, watu wanaona maktaba zinafungwa na takataka zinabaki mitaani, bado Spallone, mmoja wa wale wanne, anapunga mkono kwa watu kama kanyanyua kombe.

Septemba wawili wakalegea, ikawa tano kwa mbili, wametii. Si kwa sababu roho ziliwasuta, hela iliisha. Mi niliirudia hiyo sehemu mara mbili, ni nzuri kuliko mapigano yoyote mnayoyajua. Halafu kitu cha kuwaumiza kichwa zaidi, Januari 1990 mahakama kuu kabisa ya Marekani ikasema, tano kwa nne, kwamba jaji alikosea kuwapiga faini madiwani binafsi. Yaani mji ukakamuliwa, na waliosema hapana mifuko yao ikaokolewa na mahakama. Spallone mwenyewe akawa ameshambwaga Wasicsko uchaguzi wa 1989 kwa kelele zile zile za "tutapinga". Dawa ile ile aliyomnywesha Martinelli. Hapo ndio mlitaka nilie?

Sikatai, jamaa alitishiwa maisha, alitumiwa risasi kwenye bahasha, alitemewa mate, ana dawa ya tumbo kila saa. Oscar Isaac kaigiza mpaka unasahau ni mtu anaigiza, ile tuzo ya Golden Globe 2016 alistahili na hilo sibishani na mtu. Lakini angalieni alipotoka madarakani alifanya nini. Anahangaika kurudi, anatafuta kiti chochote, mpaka 1993 anaenda kugombea dhidi ya Vinni Restiano, rafiki yake mwenyewe. Akashindwa. Oktoba mwaka huo huo akaenda makaburini akajiua, ana miaka 34. Inauma, na nikiri kabisa mi nililia na nikajikasirikia kulia kwenyewe, maana kamera ilinilazimisha. Muziki wa Springsteen, mke anampigia pija, mwenzangu utaacha?

Na hapo ndio kesi yangu kubwa dhidi ya walioitengeneza, si watazamaji tu. Mnataka nimlilie huyu, sawa, Norma je?

Norma ni mama wa makamo, kazi yake kuuguza wagonjwa majumbani mwao, kisukari kinamla macho taratibu. Anapofuka. Sasa yeye ndio anahitaji mtu wa kuja kumsaidia nyumbani, na wasaidizi hawaji, wanaogopa kuingia Schlobohm, maghorofa anayokaa, kwa sababu ya vijana wa unga pale chini. Mtu aliyezunguka kwa wenzake miaka yote anakosa wa kumzungukia yeye! Hiyo peke yake ni siriizi nzima. Wao wamenipa vipande, dakika mbili huku, dakika tatu kule, halafu haooo turudi kwenye baraza tukamwone Nick anavuta sigara. Doreen naye, mwanaume wake anakufa kwa pumu, anabaki na mtoto mchanga, anazama kwenye kokeini, anatoka, anakuja kuwa kiongozi wa wapangaji. Huyo ndiye alistahili makofi. Ameshuka mpaka chini kabisa akapanda mwenyewe, hakuna aliyempigia kura wala kumpa ulinzi wa polisi mlangoni. Carmen katoka Dominikana na watoto. Billie na yule mpenzi wake Santos, nisizungumze, yule kijana ningemchapa.

Waigizaji wote hao wako vizuri mno, ndio maana nina hasira. Kama wangekuwa wabovu ningesema basi bora walivyopunguzwa. Unajua tumekulia kibanda umiza, tunajua stelingi ni mmoja na hafi. Hawa wamekuja na ujanja wa kusema sisi stelingi wetu anakufa, sisi tofauti, kumbe bado stelingi ni yule yule mwenye ofisi, na waliokuwa wanasubiri nyumba ni watu wa kupita nyuma yake.

Mwenye kunielewa vibaya aelewe: mwandishi anajua. Kile kichwa chenyewe kimetolewa kwenye ule msemo wa Fitzgerald kwamba nionyeshe shujaa nikuandikie msiba, kwa hiyo kuna kejeli ndani yake. Lakini kejeli gani hiyo ambayo watazamaji tisa kwa kumi hawaioni na wanatoka wameshika leso?

Kingine, yule mzee Oscar Newman, mtaalamu wa ujenzi. Watu wameandika eti sehemu zake zirukwe. Rukeni nyie. Yule ndiye aliyesema msijenge maghorofa tena, sambazeni nyumba ndogo ndogo kwenye viwanja mbalimbali, kila familia na mlango wake wa mbele na kijiuwanja chake, kusiwe na korido za wote, maana korido ya wote ni ya asiyekuwa na adabu. Akagombana na wenzake mpaka kwenye mapipa ya takataka, wanataka kontena moja kubwa la wote, yeye anasema hapana, kila nyumba na pipa lake, mtu atunze uchafu wake mwenyewe mbele ya mlango wake. Mi nakaa nyumba ya wapangaji saba choo kimoja, taa ya korido imeungua toka Pasaka hakuna anayenunua balbu kwa sababu si ya mtu. Ilibidi nisimamishe video nicheke peke yangu. Vitu kama hivi ndio utamu wa hii kazi, mnaruka mnakimbilia nani kafa.

Na mwisho kabisa, mlio upande wa Mary Dorman, yule mama wa mashariki aliyepinga zile nyumba. Nimesoma komenti yenye laiki kibao: "mwanamama alikuwa analinda thamani ya nyumba yake, angekuwa mwenzangu ningefanya vile vile". Wewe unafanya vile vile na nani? Unakaa chumba kimoja Mbagala, kodi miezi sita unakopa kazini, dalali anakuuliza kabila na una watoto wangapi kabla hajakuonyesha hata mlango, halafu ukiangalia tivi unajiona uko mashariki ya Yonkers na bustani? Wewe ni Norma, mkuu! Ungekuwa Yonkers 1988 wale wangekuwa wanapiga kelele kuhusu WEWE. Walikuwa wanajaza ukumbi, wanazomea mpaka kikao kinavunjika, na ujenzi ulivyoanza kuna watu wakaenda kutega bomu kwenye saiti. Hiyo ndio "kulinda thamani"?

Nimemaliza, karibuni mnishambulie.

NYONGEZA: Kuna mdau hapo chini kasema sijamtendea haki Dorman kwa sababu anabadilika, mwishoni anakuja kuwasaidia wale wapangaji wapya kuzoea mtaa. Ni kweli anabadilika, na Catherine Keener kaicheza vizuri, ile sura ya mtu anayeona aibu lakini hataki kusema. Lakini nawe tazama tena ile sehemu ya mafunzo ya wapangaji wapya kabla hawajahamia. Mama mzima ana watoto, kalea, kafanya kazi, anakalishwa darasani anafundishwa jinsi ya kuishi na majirani. Upande wa pili, waliotemea watu mate na kutega bomu, hawakukalishwa darasa lolote. Mi kilichonishika ni hicho na sijaona hata mmoja kwenye uzi wa wikendi kakisema.

NYONGEZA 2: Dogo wa muvi kama unasoma humu, episodi ya tano inakwama kila ikifika katikati. Nimemalizia kwa bando langu. Nataka buku yangu.