Korona na upweke wa wazee wetu Nairobi: tupeane uzoefu

Binti wa Umoja
Habari zenu nyote. Tukizungumzia korona tunataja biashara na shule zilizofungwa. Wazee tunawataja kwa presha na kisukari tu, kwamba wao ndio waliohitaji kukingwa. Ndiyo, walikingwa. Lakini moyoni walipitia nini?

Mama alikuja Nairobi Machi 2020 kwa kliniki ya presha, arudi kwake Nyeri. Tarehe 6 Aprili watu wakakatazwa kuingia na kutoka Nairobi, akabaki nami ghorofa ya nne hadi Julai. Mtu aliyezoea kuamka akakame ng'ombe, sasa anaamka saa kumi alfajiri anangoja kupambazuke, na kukipambazuka hana la kufanya. Chakula anakisukuma. Leo mgongo, kesho magoti, kesho kutwa kichwa. Dawa zikaongezwa. Nilikuwa naye, wajukuu walikuwepo, na bado alikuwa mpweke. Hilo ndilo nataka watu walielewe. Kilichomwinua ni jirani aliyempelekea magunia ya udongo juu ya paa apande sukuma wiki. Wapangaji wakaanza kupanda ngazi kumwomba mboga na ushauri, akawa analalamika wanamsumbua. Nilifurahi kumsikia akilalamika!

Tupeane uzoefu, hasa ninyi wazee wenyewe.

Mzee wa Makongeni
Asante binti yangu. Mimi nilistaafu reli. Makanisa yalipofungwa sikuumia sana, tulifungiwa wote. Niliumia Julai 2020 yalipofunguliwa: watu 100, ibada ya saa moja, wenye miaka 13 hadi 58 pekee. Mimi ni mzee wa kanisa, ufunguo ulikaa kwangu. Nikampa kijana ufunguo nikabaki nyumbani. Sababu niliielewa, ugonjwa ulituonea sisi zaidi. Lakini Jumapili ile nilivaa suti, nikakaa sebuleni na redio, nikajiona nimezikwa ningali hai.

Vijana walisema ibada iko kwenye simu. Simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, na hata ingekuwa kubwa, bando ningetoa wapi? Mchungaji ndiye aliyefanya la maana: alinipa orodha ya wazee wenzangu niwapigie kila Jumapili, kanisa linanitumia kredo. Wengine walikuwa hawajaongea na mtu wiki nzima. Mmoja aliniambia ameacha kumeza dawa zake, aone kitakachotokea. Nilimpigia mwanawe usiku uleule.

Bi Mkubwa, Majengo
Ndugu yangu wa Makongeni, pole. Mume wangu alifariki Mei 2020, si korona, ni figo. Mazishini hawakuruhusiwa zaidi ya watu 15. Matanga hakuna. Nikaingia eda, mjane kukaa ndani miezi minne na siku kumi. Kwetu mjane hakai peke yake: huyu analeta uji, yule anasoma Yasini, wanalala kwako kwa zamu. Eda yangu niliikaa na kuta. Dada yangu yuko Eastleigh, nako kulikuwa kumefungwa. Yeye hatoki, mimi sitoki.

Mchana nilivumilia. Usiku, baada ya isha, nilianza kumsikia marehemu akikohoa. Wengine wakasema mashetani, wengine wakasema uzee. Daktari wa zahanati ndiye wa kwanza kuniuliza kama nalala, kama nalia. Akaniambia aliyefiwa huweza kumsikia marehemu, na wala si wazimu. Akanipeleka kwa mshauri nasaha, nikaenda kwa miezi, na nimepata nafuu. Lakini nitasema lililo moyoni: mji ulipofunguliwa kila mtu alirudi kwenye shughuli zake. Hakuna aliyerudi kunilia mume wangu.

Mama Buruburu
Kwangu ilikuwa kinyume. Kafyu ilinirudishia mume na wanangu, saa moja jioni wote mezani. Ilipoondolewa Siku ya Mashujaa 2021, nyumba ikarudi kimya, na hapo ndipo nilipougua. Tusiseme upweke uliletwa na korona. Wengine ilitukuta nao.

Mhudumu wa afya, Kayole
Bi Mkubwa, pole sana. Mengi ninayoyakuta nyumba kwa nyumba yameshasemwa hapa. Mzee mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, mara nyingi hasemi ana huzuni, anasema mwili unauma. Hali chakula, anaamka usiku wa manane, anasahausahau, ameacha kujipenda. Familia inasema ni uzee. Si uzee, na sonona hutibika hata kwa mtu wa miaka 80. Ikidumu wiki mbili mpeleke kituo cha afya, na umtajie daktari usingizi na chakula, usiishie kwenye magoti.

Akisema amechoka kuishi, usimkemee wala usimwambie aombe tu. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Ondoa dawa za ziada na sumu ya panya, na asiachwe peke yake. Msalaba Mwekundu wana laini ya 1199, haina malipo.

Mzee wa Makongeni
Mhudumu, na yule asiye na mwana wa kupigiwa simu?

Mhudumu wa afya, Kayole
Mzee, anza na jirani wa mlango wa pili, agonge usiku huohuo na akae naye. Asubuhi mtafute mhudumu wa afya wa mtaa wake. Naibu wa chifu na wazee wa Nyumba Kumi wanamjua. Na wewe endelea kumpigia, hata kama kuna siku hapokei.