Duhan van der Merwe: Mskoti wa kweli au wa kukodi?

Skramu_Alasiri: Nimechoka kusikia huyu winga wa raga akiitwa shujaa wa Uskoti. Kazaliwa George, Afrika Kusini, 1995. Kachezea vijana wao wa chini ya miaka 20. Akapita klabu ya Bulls huko kwao, akapita Montpellier ya Ufaransa, 2017 akatua klabu ya Edinburgh, Uskoti. Kakaa miaka 3, 2020 akapewa jezi ya taifa, na 2024 akaipita rekodi ya Uskoti ya Stuart Hogg ya trai 27 (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli). Hogg, kijana wa Hawick, Uskoti kwenyewe! Sasa hii ni timu ya taifa au ni klabu?

Winga_Mzembe: Mwaka huo huo wa 2024 pale Murrayfield, uwanja wa Uskoti, aliifunga Uingereza trai 3 peke yake, 30-21. Mwaka mmoja nyuma, Twickenham, nyumbani kwa Uingereza, alichukua mpira nusu yake akawapangua mmoja mmoja hadi chaki. Siku hiyo nani alimuuliza cheti cha kuzaliwa?

Skramu_Alasiri: Na kombe la Mataifa Sita ya Ulaya je? 2021 lilienda Wales, 2023 na 2024 likaenda Ireland. Kombe la Dunia 2023 ndio usiseme, Ireland 36-14, virago hatua ya makundi.

Mama_Raga: Umeuliza kuhusu uraia, unajibu kuhusu makombe. Kanuni ya wakati ule ilisema ukae nchini miaka 3 ndipo uichezee, siku hizi ni 5. Yeye kosa lake nini? Tena hakuja kama johari. Alifika Edinburgh na nyonga mbovu, akaanguka vipimo vya daktari, kocha Richard Cockerill akambeba hivyo hivyo. Alipohamia Worcester ya Uingereza 2021 klabu ikafilisika mwaka uliofuata. Akarudi wapi? Edinburgh.

Skramu_Alasiri: Alirudi kwenye mshahara, Mama. Mbona Sione Tuipulotu, mwenzake wa Uskoti, simsemi? Kazaliwa Australia, lakini bibi yake ni wa Greenock. Damu ipo. Huyu mwingine ni mamluki tu, kama yule mkimbiaji wetu Stephen Cherono na Qatar.

Viunzi_na_Maji: Hapo umenigusa pabaya. Cherono mtoe mdomoni. Unajua kilomita anazokimbia kijana wa Bonde la Ufa kabla hajaona shilingi?

Skramu_Alasiri: Alituuza! 2003 kageuka Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huo huo Paris akamnyang'anya Kemboi wetu dhahabu ya dunia ya kuruka viunzi na maji, nduguye Abraham akiwa kwenye mbio hizo hizo na jezi ya Kenya.

Mzaramo_Mpole: Halafu Athens 2004 akabeba tena ya Olimpiki, wakuu mkabaki mnapangusa machozi.

Viunzi_na_Maji: Athens ipi? Hakukimbia. Kenya ilikataa kumruhusu kabla ya miaka 3 kwisha. Kemboi, Kipruto na Koech wakafagia medali zote. Siku chache baadaye Brussels jamaa akaweka rekodi ya dunia, 7:53.63. Ndiyo mliyemwita msaliti huyo.

Mzaramo_Mpole: Nimesahihishwa, asante. Ila ndugu zetu Wakenya mna neno "wetu" linalofanya kazi siku ya dhahabu tu. Siku ya njaa ni wa mama yake.

Skramu_Alasiri: Nyie ambao raga hamchezi ndio mtufundishe uzalendo?

Mama_Raga: Tanzania wana timu, acha dharau.

Mzaramo_Mpole: Mwache dada. Namuuliza tu: Kenya ilifuzu Kombe la Dunia la raga la 2023?

Skramu_Alasiri: Tulibeba Singapore 2016! Fiji, 30-7!

Mzaramo_Mpole: Hiyo ni ya watu 7, mkuu. Nami nauliza ile ya watu 15.

Winga_Mzembe: 😂😂 Kanyamaza. Jamani, mada ni Duhan. Mnajua kakake, Akker, alivaa jezi ya Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini? Nyumba moja, jezi mbili, kama kina Cherono tu. Na 2021 Duhan akaenda huko huko na Lions, timu teule ya Uingereza, Uskoti, Wales na Ireland, akaanza mechi zote 3 dhidi ya nchi aliyozaliwa.

Skramu_Alasiri: Wakachapwa mechi mbili kati ya tatu. Sijanyamaza, nilikuwa nakula. Na hoja yangu ya damu hamjaijibu.

Mama_Raga: Nakujibu sasa. Dave Hilton aliichezea Uskoti miaka kwa ajili ya babu. 2000 ikafumuka kwamba babu mwenyewe alizaliwa Bristol, si Edinburgh. Duhan angalau hakumsingizia babu wa watu.

Skramu_Alasiri: Hilton ni kesi moja.

Winga_Mzembe: Mwaka ule ule Wales walinaswa na wawili, Howarth na Sinkinson. Hesabu mwenyewe.

Viunzi_na_Maji: Mimi bado nasubiri Cherono aombwe radhi humu.

Skramu_Alasiri: Utasubiri sana.

Mzaramo_Mpole: Samahanini wakuu, kabla hamjarudi ulingoni. Trai moja ni pointi ngapi?

Mama_Raga: Tano.

Mzaramo_Mpole: Ahaa. Basi zile 3 za Murrayfield si haba.