Ushauri wakuu: PC ya gemu ya kwanza kwa 1.6M, nichukue ipi kati ya hizi tatu?

Kijana_Tabata
Habari za jioni wakuu. Nina milioni moja na laki sita, nataka kuunga PC yangu ya kwanza ya gemu. Nimezunguka Kariakoo, nimeuliza kwenye magrupu, nimebaki na machaguo matatu:

1. Prosesa ya Ryzen 5 5600G, bodi ya A520, RAM 16GB, SSD 512GB. Bila kadi ya picha kwa sasa, nitaongeza mbele ya safari.
2. Prosesa ya Core i3-12100F, bodi ya H610, RAM 16GB, SSD hiyohiyo, na kadi ya picha RX 580 8GB ya mtumba.
3. HP EliteDesk 800 ya mtumba kutoka Uingereza yenye i5-6500, halafu naitia kadi ya GTX 1650.

Zote nimeambiwa zinaingia kwenye bajeti. Nataka kwenda kununua Jumamosi. Ipi ni ipi?

FundiSaba
Karibu mkuu. Ila hujasema unacheza gemu gani, monita unayo au hiyo pesa inabeba na monita, na kama kuna kazi nyingine utafanya zaidi ya gemu. Bila hayo tunapiga ramli tu.

Dogo_Mabibo
Namba 2, usijiulize mara mbili. RX 580 8GB ninayo mwenyewe, GTA V kwa 1080p inateleza. Hiyo 5600G bila kadi ni PC ya ofisi.

Luthuli254
Salamu kutoka Nairobi. Mimi naona 5600G ndiyo sawa kwa mtu anayeanza. Leo unacheza, kesho ukipata pesa unaongeza kadi. Hiyo i3 ina herufi F, maana yake haina picha ndani yake kabisa. Kadi ya mtumba ikikufia, mashine nzima inakaa kimya mpaka upate nyingine.

Dogo_Mabibo
@Luthuli254 lakini ukija kuongeza kadi kwenye 5600G unakuta ina L3 (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ya 16MB wakati 5600 ya kawaida ina 32MB, na inaishia PCIe 3.0 (njia ya data kati ya kadi na prosesa). Umelipia picha za ndani ambazo hutazitumia tena. Halafu ukinunua kadi za bei ya chini kama RX 6500 XT, ambazo zinatumia njia 4 tu za PCIe, hapo kwenye 3.0 zinapoteza nguvu waziwazi. Hilo wauzaji hawalisemi.

Luthuli254
Hiyo ni kweli, sibishi. Lakini RX 6600 ina njia 8, kwenye 3.0 hasara yake ni ndogo sana. Asinunue 6500 XT tu, basi.

BintiTanga
Namba 3 naomba uitoe kabisa. i5-6500 haimo kwenye orodha ya Microsoft ya Windows 11, na Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna njia za kuilazimisha, lakini kama unacheza Valorant, ukiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa kwenye bodi), ukikosa hupiti. Pia uliza hiyo EliteDesk ni ile ndefu au ile nyembamba. Nyembamba haipokei kadi ya kawaida, inataka fupi, na GTX 1650 fupi kuipata ni shughuli.

Mzee_wa_Pad
Kwa 1.6M kwa nini usichukue PS4 Pro safi na pedi mbili, ukaacha kuumiza kichwa? eFootball, GTA, vyote vipo.

Dogo_Mabibo
Mkuu kaomba PC.

Mzee_wa_Pad
Nimeona, natoa mawazo tu. Mwaka wa kwanza wa PC unaishia kubadilisha draiva.

FundiSaba
Tusimpoteze mleta mada. Nina jambo ambalo hakuna aliyeligusa: PAWA, kile kisanduku kinacholisha PC umeme. Ameorodhesha prosesa, bodi, RAM na SSD. Pawa hakuitaja, wala keisi. Nikiona hivyo najua dukani wamemwambia "keisi inakuja na pawa yake".

Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea mashine iliyoungwa dukani, i5 na GTX 1660 Super, keisi ya vioo, taa kila kona. Malalamiko yake: ukiwa kwenye desktopu haina neno, ukifungua gemu inazima ghafla kana kwamba mtu amechomoa plagi. Alipoirudisha dukani wakamwambia ni Windows, wakapiga Windows upya, akalipa. Ikaendelea kuzima. Wakamwambia ni RAM, akanunua RAM kwao hapohapo. Ikaendelea kuzima. Safari ya tatu wakamwambia umeme wa kwao nyumbani ni mdogo, anunue stebilaiza. Akanunua.

Nilipofungua keisi, ile pawa niliinyanyua kwa vidole viwili. Upande mmoja stika kubwa imeandikwa 500W. Upande wa pili kuna jedwali dogo, na kwenye mstari wa 12V pameandikwa 18A. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Kadi ya picha na prosesa vyote vinakula kwenye mstari huo. Hiyo kadi peke yake ni wati 125, na prosesa ikipanda kasi inaipita 65 yake kirahisi, bado feni na bodi. Hiyo 500W imetoka wapi, anajua aliyechapa stika.

Nikaifungua na yenyewe. Sehemu za koili za kuchuja umeme zimechorwa kwenye bodi yake, lakini koili hazipo, wameunganisha kwa vipande vya waya. Plagi ya kadi ilitengenezwa kwa kuunga molex mbili (plagi za zamani za diski), na plastiki yake ilikuwa imeshageuka kahawia. Nyuma ile swichi nyekundu ya 115/230. Tukaweka pawa ya kweli ya 550W, ikaacha kuzima siku hiyohiyo. Ila sloti moja ya RAM ilikuwa haisomi tena, na dukani wakamjibu waranti imekufa kwa sababu keisi imefunguliwa. Yule kijana alikuwa amejibana mshahara kwa miezi kununua ile mashine.

Kwa hiyo mleta mada, kabla hujaniuliza Ryzen au Intel, nipigie picha stika ya pawa. Usitazame namba kubwa ya mbele, tazama amperi za 12V.

Kisiwani_Mkunazini
Fundi umesema la maana sana. Na huku kwetu umeme ukikatika ukarudi, unarudi kwa kishindo. Mie nimetia friji gadi (kilinda umeme cha friji) kwenye PC, ile inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kurejesha umeme. UPS nayo nzuri, ila msidanganyike na maandishi: 650VA mara nyingi ni wati 360 hivi, na betri ni ya kuhifadhi kazi na kuzima kwa salama, si ya kumalizia mechi.

Luthuli254
Kuna jambo la kuongeza hapo. UPS nyingi za bei nafuu hazitoi wimbi laini, zinatoa la ngazi-ngazi. Baadhi ya pawa nzuri zenye PFC ndani (saketi ya kusawazisha matumizi ya umeme) hazipendi hilo, umeme ukikatika mashine inazima japo UPS ipo.

Kisiwani_Mkunazini
Yangu haijazima hata mara moja.

Luthuli254
Nimesema baadhi, ndugu yangu.

Kijana_Tabata
Asanteni sana wakuu, nimesoma yote. Majibu: nacheza eFootball, GTA V na Valorant. Pia najifunza Blender (programu ya michoro ya 3D), kuna jamaa ameahidi kunipa kazi za matangazo madogo nikiweza. Monita ninayo, amenipa mjomba, Dell ya inchi 19 ile ya mraba, nyuma ina VGA tu. Bajeti inabeba kila kitu, pawa, keisi, kibodi na mausi. Pawa fundi amesema kweli, waliniambia inakuja na keisi. RAM 16GB ni kijiti kimoja, kuna shida?

BintiTanga
Ungesema Blender tangu mwanzo tungeokoa maneno mengi! RX 580 iondoe. Blender iliacha OpenCL (njia ya kuitumia kadi kwa hesabu) kuanzia toleo la 3.0, na njia yake mpya ya AMD haizichukui kadi za kizazi hicho. Ukirenda (kutoa picha ya mwisho) kwa Cycles, injini ya Blender, itafanya kazi prosesa peke yake, na i3 ina kori 4. Utaweka picha moja ukapike, ule, urudi, bado. Halafu AMD kadi hizo tangu mwishoni mwa 2023 wanazipa draiva za marekebisho muhimu tu.

Mimi natengeneza video na michoro ya harusi huku Tanga, na kwa Blender sitoki kwenye kadi za RTX za NVIDIA. Hata RTX 3050 8GB ya mtumba, kwa OptiX (njia ya NVIDIA ya kurenda) inaiacha mbali RX 6600, ingawa kwenye gemu 6600 ndiyo yenye nguvu zaidi.

Dogo_Mabibo
Dada, anajifunza tu bado. Gemu atacheza kila siku, Blender mara moja kwa wiki. Usimfanye anunue kadi dhaifu kwa ajili ya kazi ambayo hajaipata.

BintiTanga
Kazi hiyo ndiyo itakayorudisha pesa yake. Gemu hazirudishi.

Dogo_Mabibo
Kichwa cha uzi kinasema PC ya gemu.

FundiSaba
Wote wawili mna hoja, lakini mnagombania kadi ambayo kwenye 1.6M haimo. Toa pawa nzuri, keisi yenye hewa, kibodi na mausi, uone kinachobaki. Na RAM tangu mwishoni mwa 2025 imepanda sana, viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili mnemba. DDR4 nayo imefuata. Bei aliyoambiwa ya RAM aithibitishe siku hiyohiyo ya kununua.

Kuhusu kijiti kimoja: kwa 5600G ni shida kubwa. Picha zake za ndani hazina kumbukumbu yake, zinakopa kwenye RAM. Kijiti kimoja kinapita njia moja, vijiti viwili vya 8GB vinapita njia mbili, na kwenye gemu tofauti unaiona kwa macho. Dai 2x8GB ya 3200. Muuzaji akikwambia "16 ni 16 tu", hama duka.

Na monita: kadi za sasa hazina VGA. Utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye chipu ndani, kile cha waya mtupu hakifanyi kazi. Bodi nyingi za A520 na H610 zina HDMI, baadhi zina VGA kabisa. Ila kumbuka VGA ya kwenye bodi haitoi picha ukiweka prosesa ya F.

Kijana_Tabata
Hilo la F na VGA hakuna aliyeniambia dukani. Kwa hiyo namba 1 na RAM vijiti viwili?

Dogo_Mabibo
Monita ya mraba ya inchi 19 ni 1280 kwa 1024. Kwa hiyo hata 5600G itaendesha Valorant na eFootball vizuri, hapo nakubali. GTA V chukua ile ya zamani, ile mpya ya Machi 2025 inadai kuanzia GTX 1630 au RX 6400. Lakini siku ukibadilisha monita utanikumbuka.

Kisiwani_Mkunazini
Kaka, kama huna haraka, ngoja mtu anayetoka Dubai. Pale Bur Dubai, barabara ya Khalid bin Al Waleed, maduka ya kompyuta yamepangana mlango kwa mlango, VAT yao 5%. Binamu yangu huniletea prosesa na SSD mkononi. Keisi na monita usiagize, zinakula mzigo.

Luthuli254
Na waranti je? Ikiharibika unairudisha Dubai?

Kisiwani_Mkunazini
Prosesa mpya iliyofungwa boksini kuharibika ni nadra. Kadi ya picha sikushauri, hiyo nunua karibu uipime mwenyewe.

FundiSaba
Kwenye kupima: nenda na flashi yenye GPU-Z, programu ya kusoma kadi ni ipi. Kuna kadi zimeandikwa GTX 1050 Ti kumbe ndani ni GTX 550 Ti iliyobadilishwa bayosi (programu yake ya ndani), matoleo ya karibuni ya GPU-Z yanaziandika FAKE. Na RX 580 ziko za namna mbili: ya kweli ina viini 2304, ile iitwayo 2048SP ina 2048, na jina juu ya boksi ni lilelile. Wengi wanauziwa hiyo ya pili kwa bei ya ile ya kwanza.

Dogo_Mabibo
Yangu nimeangalia sasa hivi. 2048.

Mzee_wa_Pad
Pole sana kijana wangu.

Dogo_Mabibo
Inacheza vizuri, lakini muuzaji alinithibitishia kwa mdomo wake kwamba ni ile kamili. Kesho nampitia.

BintiTanga
Nenda na mtu, na chukua picha ya GPU-Z kwenye simu.

Kijana_Tabata
Wakuu nimepiga simu maduka mawili leo. La kwanza wanasema 5600G imeisha, wananipa 5500 kwa bei pungufu kidogo, wanasema ni sawasawa. La pili wana 5600G lakini bodi ni B450, si A520. Nichukue?

Luthuli254
5500 HAPANA. Haina picha za ndani. Bila kadi hutaona kitu.

FundiSaba
B450 sio mbaya, ila kama imekaa dukani muda mrefu bayosi yake inaweza kuwa ya zamani, haiitambui 5600G. Waambie waiwashe mbele yako, iingie mpaka kwenye bayosi, usome jina la prosesa kwa macho yako. Wakikataa, usitoe pesa. Na pawa je, umepata picha ya stika?

Kijana_Tabata
Bado, muuzaji amesema atanitumia jioni.

Mgeni_Mbeya
Samahani wakuu kuingilia, mimi nina laptopu ya Core i5 kizazi cha 8 yenye MX150, naweza kuiongezea kadi ya nje nikapata GTA V mpya? Na bei zake zikoje?

BintiTanga
Ina Thunderbolt (tundu la kasi la kuunga kadi ya nje)? Taja modeli kamili.