Kitabu cha pili cha jini wa kwenye dumu: nani kawaambia watoto hawaoni?

Wakuu, heshima kwenu. Moderata, naomba uzi huu msiuhamishie kule jukwaa la elimu ukafie huko. Uacheni hapa hapa watu wauone.

Nina hasira na kitabu cha watoto. Najua wapo watakaosema mtu mzima na akili zake analia na hadithi ya majini. Chekeni, mkimaliza mrudi mnisome.

Jina la kitabu silitaji, la mwandishi silitaji, na waliokichapa siwataji. Sitaki kesi, na pia sitaki kuwapigia debe bure. Waliosoma cha kwanza watanielewa nikisema tu yule jini anayeishi kwenye dumu la mawese.

Kwa ambao hamkukipata: jini mdogo, mvivu, mwoga wa maji, kafukuzwa shule ya majini kwa kucheka kwenye chumba cha mtihani. Binti wa mvuvi anamkuta ndani ya dumu la lita 20, kajikunyata chini kabisa kwenye mashapo, mwekundu mpaka kope. Anaweza uchawi wowote utakaomwomba. Ila ana sharti moja: kila akifanya uchawi, anasahau kitu kimoja, na hachagui kipi. Akamletea mvuvi wavu mpya, akasahau namna ya kukaa. Sura nzima anakizunguka kigoda, anakipigia hodi, anakiomba msamaha. Akamponya mbuzi wa bibi, akasahau jina la mama yake. Hapo watoto walionizunguka walinyamaza kabisa, maana hawakutegemea. Ukurasa unaofuata anamwita mama yake "yule mrefu", wakapasuka upya.

Utamu wote ulikuwa hapo. Kila ombi lina bei yake, kwa hiyo mtoto hawezi kufunga kitabu kabla hajajua safari hii kitasahaulika nini.

Haya, cha pili. Sura ya kwanza tu, jini anageuza mtumbwi kuwa ndege, anajenga ghorofa, anashusha ugali na samaki aina ya kuhe wa kukaanga kwa kijiji kizima. Hasahau kitu. Hakuna maelezo, hakuna hata mstari mmoja wa kusema sharti limeondolewa na nani. Binti wa kaka yangu, yuko darasa la nne, ndiye alikuwa anatusomea kwa sauti pale barazani. Akasimama. Akarudi ukurasa wa nyuma, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Akaniangalia: "Shangazi, mbona hajasahau kitu?" Nikamwambia endelea, labda inakuja mbele. Haikuja. Mwenzake wa jirani akasema, "Labda amesahau kusahau." Walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye ngazi. Huo ndio utani bora tulioupata kwenye kitabu kizima, na mwandishi hakuuandika yeye.

Wakuu, uchawi una masharti. Hata mganga wa kwenye bango la nguzo ya umeme anakupa masharti kabla hajapokea hela yako. Shaaban Robert alipomleta jini Huria kwenye hadithi yake ya Adili na Nduguze, Huria aliwageuza ndugu wawili wa Adili kuwa manyani kisha akampa Adili sharti la kuwachapa kila usiku, na Adili anawapenda ndugu zake. Hadithi inabebwa na ule mjeledi. Uondoe, unabaki na nyani wawili na mtu anayewalisha. Sasa huyu mwandishi wetu kaondoa mjeledi wake mwenyewe, kwa mkono wake, halafu anashangaa kwa nini hakuna anayecheka.

Njooni ziwani sasa, maana hapa ndipo nilipotaka kukitupa.

Jini anadondoka Ziwa Tanganyika pale Kibirizi, huku kwetu Kigoma, anaibuka anatema maji ya chumvi. Ya chumvi! Mnajua nimewasomea watoto gani hicho kipande? Watoto wanaooga maji hayo, wanaofulia hayo, wengine nyumbani kwao wanayapikia. Kurasa mbili mbele maji yanakupwa, mtumbwi unakwama mchangani, wanakaa kusubiri yajae. Huyu alikuwa anaandika dirisha lake likitazama Bahari ya Hindi. Na msiniletee ile "ni hadithi ya kubuni". Kama jini angeombwa alitie ziwa chumvi ili samaki waungwe wakiwa wazima, halafu akasahau miguu yake iko wapi, ningesimama kumpigia makofi. Hapa hakuna aliyeomba chumvi. Hawakujua tu.

Ukiendelea unakutana na wavuvi wanavua dagaa usiku wa mbalamwezi, "mwezi mpevu ukiwamulikia". Kigoma nzima inajua mwezi ukiwaka hivyo dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Mvuvi analala kwake, na mama anaanza kukopa dukani. Watoto wa huku wanazijua siku za mwezi kwa sababu ndizo siku ambazo baba yupo nyumbani na mboga haipo. Kinachoniuma, kitabu cha kwanza kilijua! Humo mvuvi alimwomba jini aufunike mwezi blanketi ili kazi iendelee, jini akaufunika, akasahau tofauti ya usiku na mchana, akaenda kumgongea mwenyekiti wa mtaa saa nane usiku kumsalimia "za mchana". Mtu aliyeandika vile hawezi kuandika hivi. Mimi nasema ama aliyeandika ni mwingine, ama kaandika huku anasukumwa mgongoni.

Picha ndiyo usiseme. Jini ana dumu la mawese, anaimba kuhusu mawese, ananuka mawese, halafu kila picha nyuma yake kuna minazi. Minazi, na nazi zake zinaning'inia. Mchikichi hamuujui jamani? Kuna kijana mdogo kati ya wale watoto alichukua penseli akazichorea zile nazi vichala vya chikichi juu yake. Sikumkataza.

Sura ya meli imenikera kuliko zote. Jini anapanda "meli kubwa ya zamani iliyojengwa na Waingereza", mistari minne, kashuka, basi. Meli kongwe ya ziwa hili ni Liemba, na walioiunda ni Wajerumani, kule Papenburg mwaka 1913, wakaiita Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikavuka bahari mpaka Dar, ikapandishwa treni kuja Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata vita vikawazidi, wakaizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nene ili siku ikiibuliwa zisiwe zimeliwa na kutu. Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wakuu, historia imempa huyu mtu bure meli iliyopakwa mafuta ikalazwa chini ya maji kusubiri kuamshwa, na yeye tayari ana jini aliyelala ndani ya mafuta kwenye dumu, halafu wawili hawa hawakutani? Hawasalimiani hata?

Au mwaka 2024, serikali ilipolifunga ziwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapumzike wazaliane. Jini wa mvuvi, hana kazi miezi mitatu! Niliwauliza watoto angefanya nini, nikapata hadithi pale pale: angekwenda kuuza vitumbua soko la Mwanga, akaomba wateja kwa uchawi, wakaja mji mzima, na yeye akasahau kurudisha chenji ni nini. Watoto wa shule ya msingi, dakika chache, bila kulipwa.

Sasa badala ya hayo tumepewa nini? Kila mwisho wa sura kuna kiboksi: "Tumejifunza nini?" Kisha maswali. "Taja tabia tatu nzuri za jini." Jini aliyefukuzwa kwa kucheka kwenye mtihani, mnamgeuzia mtihani! Na mwenyewe kawa mshauri nasaha, anawahutubia watoto wanawe mikono na waheshimu wakubwa. Nadhani najua kilichotokea. Cha kwanza kilipendwa, mtu akaona kikivaa sare kidogo kitauzika mashuleni kama kitabu cha ziada, kwa hiyo safari hii kimeandikwa kwa ajili ya mwalimu mkuu anayesaini hundi. Mtoto ameachwa nje ya mlango.

Na msifikiri kukipata ni kazi ndogo. Mlioko Dar mnaingia duka la vitabu mnachagua. Huku maduka yetu yana madaftari, kalamu, vitabu vya kiada na kalenda. Hadithi unaiagiza, unatuma hela kwa simu, inapakiwa kwenye basi, unaifuata stendi ukiwa na namba ya kifurushi. Shilingi 12,000 ya kitabu, na nauli ya mzigo juu. Watoto walikuwa wameshagombania nani atashika kwanza.

Ili nisionekane ninaongea peke yangu, niliuliza wengine. Jirani yangu mwalimu wa darasa la tano anasema maswali hayamsumbui, yanamrahisishia kazi, ila naye amekiri darasa lake lilikaa kimya kwenye sehemu zilizotakiwa kuchekesha. Dada yangu aliyeolewa Tabora, pale Cheyo, hanielewi kabisa. Mwanawe kakipenda, kasoma sura ya kiboko anayejamba ziwa zima likachafuka, mpaka kaikariri. Nimempa haki yake, sura ile inachekesha, nami nilicheka. Lakini yule mtoto hakusoma cha kwanza, hajui alichoibiwa. Dada ananijibu, "Kwani lazima acheke unavyotaka wewe?" Tumeishia hapo, hatujaongea tena habari za jini, tunaongea habari za asali.

Kuna mama mmoja wa Ujiji yeye hakutaka hata kuzungumzia utani. Kilichomkera ni binti wa mvuvi. Kwenye cha kwanza ndiye mwenye akili, ndiye anayempangia jini maombi yasiyo na hasara kubwa. Kwenye cha pili anapelekwa mjini, anashangaa lifti, anashangaa aiskrimu, kila mtu anamcheka. Mama yule kaniambia, "Walikuwa wanacheka na sisi, sasa wanatucheka sisi." Sina la kuongeza hapo.

Nyuma ya jalada wameandika cha tatu kiko njiani. Mwandishi, kama unapita humu: rudisha sharti. Ukishindwa kueleza lilikoenda, mwambie jini alilisahau, watoto watakusamehe maana wameshakuandikia wao. Mchoraji mpelekeni akauone mchikichi. Na viboksi vya maswali vichomeni moto.

NYONGEZA: Naona mmeshaanza.

Anayesema "tulia dada, ni kitabu cha watoto tu": mtoto ndiye msomaji anayerudi ukurasa wa nyuma kuhakikisha. Wewe mara ya mwisho kufanya hivyo ni lini?

Anayesema nimhurumie mwandishi kwa sababu vitabu vya Kiswahili havilipi: ndiyo maana nilinunua kopi halisi, sikupiga fotokopi kama baadhi yenu humu mnavyojisifu.

Anayeuliza kama maji ya ziwa yana chumvi kidogo "kitaalamu": mkuu, panda basi, njoo unywe.

Na wewe uliyenifuata inboksi kuuliza kama nakiuza: cha pili chukua bure, lipia kifurushi tu, ila kina michoro ya penseli. Cha kwanza usikitaje, kina foleni mpaka Gungu.