Mdogo wangu anafikisha miaka 18 na kaya yetu iko kwenye mpango wa ruzuku ya fedha kwa kaya maskini. Tujipangeje?

DadaMkubwa:
Habari zenu wanajukwaa. Nalea wadogo zangu tangu mama alipofariki, na kaya yetu ni mlengwa wa ruzuku. Hela ni ndogo, lakini ndiyo iliyomvusha huyu wa pili hadi sekondari: sare, madaftari, taulo za kike. Alipokuwa na miaka 16 akaja mchumba. Nilikataa bila kusita, maana hapa nyumbani hakuna aliyekuwa akisubiri mahari ndipo tule. Sasa anafikisha 18, kwenye mpango hatahesabiwa tena kama mtoto, na ndiyo kwanza anahitaji nauli, ada ya ufundi na kitambulisho. Mliopitia haya mlifanyaje? Na je, nianze kumwachia sehemu ya fedha aishike mwenyewe?

Mwanakamati:
Hongera kwa malezi, dada. Hilo la mchumba halijatokea kwako tu. Kenya, katika mpango wa kaya zenye yatima, ilionekana mabinti wa kaya zilizolipwa walipata mimba za mapema kwa uchache kuliko wenzao.

Kinachonitia hofu ni baada ya malipo. Zomba, Malawi, mwaka 2008 na 2009 mabinti walipewa fedha bila masharti, ndoa na mimba zikapungua. Malipo yalipokoma, baada ya miaka kama miwili nafuu hiyo ilikuwa imeyeyuka. Walioshikilia faida ni kundi lingine la mabinti hukohuko, waliokuwa wameacha shule, wakalipwa kwa sharti la kurudi darasani. Kwa hiyo ufundi aanze sasa, wakati ruzuku bado inaingia.

Kijana wa Cherehani:
Nimekulia kwenye kaya ya namna hiyo. Dada, mpe ashike. Mama alikuwa ananikabidhi nauli ya wiki nzima, ikiisha Jumatano natembea kwa miguu, wala hakuniongezea. Nilipoanza kulipwa ujira wa kushona nilikuwa tayari najua kugawa.

Na wavulana tusiwasahau. Binti anasukumwa kwenye ndoa, mvulana anasukumwa kwenye vibarua, na wote wawili wanaitwa watu wazima kabla ya wakati.

Mwanakamati:
Kweli kabisa. Ndiyo maana Tanzania, chini ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaotoa ruzuku kwa kaya maskini), kukawa na mpango wa Ujana Salama kwa vijana wa miaka 14 hadi 19 wa kaya za walengwa: mafunzo ya afya na ujasiriamali, mlezi wa kuwashauri, kisha mtaji mdogo. Uliza kama mpango wenu una kitu cha namna hiyo, na uulize kabla ya siku yake ya kuzaliwa.

DadaMkubwa:
Asanteni sana. Malipo yajayo tunakaa naye mezani, fungu la ufundi linatengwa kwanza, na nauli anaishika yeye. Kwenye kikao cha walengwa tutakwenda wote, aulize mwenyewe.